Mkanda wa Begi Nilioukata Ngara

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ndiyo iliyonifanya nikatae kulikata begi lako Jumamosi iliyopita. Uliondoka kibandani kwangu umenuna. Uliniambia, "Anti, si unikatie tu hii mkanda ya kiuno? Na hizo vyuma za mgongo utoe. Siku hizi kila gramu inahesabika." Nikakujibu kwamba nina kazi nyingi. Ulijua nadanganya, maana ulinikuta nimekaa nakunywa chai. Sasa nimetulia nyumbani Mutuini na kalamu mkononi, nakuandikia sababu yenyewe, na nitakuandikia yote, pamoja na habari ya mguu wa mama yako.

Wewe, Adhiambo, umekua ukisikia kwamba Akinyi mama yako aliteleza mtoni kabla hujazaliwa, na ndiyo maana huchechemea kila baridi ya Julai inapofika. Ni kweli aliteleza. Ambalo hukuambiwa ni kwamba siku hiyo alikuwa amebeba mzigo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi moja pale Hurlingham, na mama yako alikuwa akisuka nywele katika saluni ya ghorofa ya chini. Tulijuana kwa sababu ya nywele zangu, ambazo wakati huo zilikuwa nyingi, usicheke. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, askari wa msitu aliyestaafu, jina lake Mzee Muchiri, lakini sote tulimwita Guka, yaani babu. Kila baada ya miezi michache alipata kibali cha kuingia msitu wa Nyandarua na watu wa kujitolea, siku nne au tano, kuwinda mitego. Nasema kuwinda kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Kuwinda wanyama kulipigwa marufuku mimi nikiwa mtoto, lakini Guka alitufundisha kufuata nyayo vilevile, ila mwisho wa nyayo tulitafuta tanzi za waya zilizotegewa paa na nyati, tukazikata na kuzibeba hadi nje. Kama mnavyotaka kufanya nyinyi Ijumaa.

Begi la kazi hiyo lina ajabu yake. Begi la mtu anayekwenda kutembea tu hupungua kila mnapokula. Letu liliongezeka, kwa sababu waya ukiuacha msituni, aliyeutega ataurudia. Waya uliobebwa ni mnyama aliyepona. Kwa hiyo Guka alituambia mapema, mimi na mama yako, tulipoomba kwenda naye mara ya kwanza: "Mtafute begi yenye inashika kiuno. Mabega ni ya kusaidia tu." Nikaitikia kwa kichwa, kama unavyoitikia wewe.

Nilikwenda Ngara, kwenye mitumba, nikapata begi la buluu ambalo mpaka leo sijaona begi zuri kama lile. Lilikuwa na mkanda wa kiuno mpana kama kiganja, wenye sponji, na ndani mgongoni fito mbili za alumini zilizopindwa kufuata uti wa mgongo. Nikalining'iniza kwenye kidole kimoja, likiwa tupu, nikaona ni zito. Hapo ndipo nilipoanza kupotea, mwanangu. Begi tupu halikwambii kitu. Ni kama kumjua mtu kwa kumwona amelala.

Na nikuambie ukweli mwingine, kwamba haikuwa gramu peke yake. Mama yangu alibeba kuni maisha yake yote kwa ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa, ambao kwetu tunauita mukwa, na mukwa ulikuwa umemchimbia bonde juu ya kipaji cha uso. Nilipokuwa msichana mdogo nililionea haya lile bonde. Niliapa kwamba mimi mkanda wa mzigo hautanigusa. Mimi ni mtu wa ofisini, mtu wa Hurlingham. Sasa nikiutazama ule mkanda mpana wa begi, niliona mukwa umeshuka kiunoni.

Ng'ambo ya njia alikaa fundi na cherehani yake. Nikamwambia akate mkanda na atoe fito. Alilishika begi kwa muda, akaniambia, "Madam, hii ndio mgongo ya begi. Nikitoa hii, unabaki na gunia."

Nikamwambia, "Wewe kata."

Akakata. Leo kazi yangu ni kama yake, na ninajua alivyojisikia.

Tuliingia msituni watu watano: Guka, mama yako, mimi, na wanaume wawili ndugu kutoka kanisani. Kule langoni Guka alikagua mabegi yote. Alipofika kwangu akapapasa pembeni pale palipokuwa pameshonwa upya. "Mkanda iko wapi?"

"Nilitoa, Guka. Ilikuwa inaongeza uzito bure."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, twende," na mimi nikafikiri nimeshinda. Mzee akinyamaza, mwanangu, usidhani amekubali.

Siku ya kwanza nilikwenda vizuri, hata nikawahurumia wenzangu kwa mikanda yao. Siku ya pili tulifika kwenye mianzi, na huko mitego ilikuwa kila baada ya hatua chache. Kila mtu alikunja waya wake na kuutia begini. Kufikia saa nane mchana mikanda ya mabega ilikuwa imenikata kama kamba ya ng'ombe. Begi lilikuwa gunia kweli, limelegea, linanivuta nyuma. Vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, nikashindwa hata kufunga kifungo cha koti.

Mama yako aliona. Unajua hana maneno mengi. Akaniambia, "Leta hiyo waya. Mimi begi yangu imenishika poa."

"Utaweza?"

"Si ni kidogo tu?"

Haikuwa kidogo, na nilijua. Nilikunja waya wangu wote, nikaufunga kwa kitambaa changu cha kijani cha shingoni ili usimchome, nikampa. Baada ya saa moja nikampa na turubai. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninakuhakikishia walikuwa wakinisema mimi, maana dakika kumi baadaye sikumbuki kama nilifikiri tena juu ya mgongo wa Akinyi. Nilitangulia mbele. Niliimba pambio. Nilijiona mtembezi hodari, mwenye begi jepesi, nikajipongeza kwa akili niliyoitumia Ngara.

Kisha tukafika mtoni. Haukuwa mto mkubwa, ungeweza kuuvuka kwa mawe manane au tisa. Mimi niliruka nikafika. Nyuma yangu nikasikia kishindo, halafu sauti ya mama yako, siyo kelele, sauti fupi tu, kama ya mtu aliyekumbuka kitu. Jiwe lilikuwa limegeuka, begi likamvuta upande, naye akaanguka mguu wake ukiwa umebanwa katikati ya mawe mawili. Kifundo kilivunjika. Nilikuwa karibu kuliko wote, mwanangu, na sikurudi majini kumfikia.

Guka na wale ndugu wawili wakamtoa majini, wakamfunga mguu kwa vijiti vya mianzi. Kisha Guka akafungua begi la mama yako apunguze vitu, akatoa waya wa Akinyi, akatoa turubai, akatoa na waya mwingine umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Akaushika juu.

"Hii nayo ni ya nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mama yako, amelala pale kwenye majani, maji yanamchuruzika, meno yanagongana, aliwahi kusema, "Ni yangu, Guka."

Guka alitazama kile kitambaa. Akatazama shingo yangu, ambayo asubuhi ilikuwa nacho. Nami nikanyamaza, na ndivyo ile "ni yangu" ilivyokuwa habari rasmi mpaka leo.

Wale ndugu walipokezana kumbeba mgongoni. Aliyekuwa hambebi alichukua mabegi yao mawili, Guka akachukua langu pamoja na lake, na la mama yako likabaki, nalo ilibidi litoke. Guka alinitazama mabega, yalikuwa yanatoa damu. Akakata kipande cha kamba pana, akakikunja mara mbili, akatia soksi ya sufu ndani, akakifunga kwenye begi la Akinyi, akanivika kichwani. Mukwa. Akaniambia, "Mabega yako imeisha. Kichwa bado." Nikatembea saa zilizobaki za siku hiyo na siku iliyofuata yote nimeinamia ardhi kama mama yangu, begi la Akinyi likinining'inia mgongoni, na ninakiri kwamba lilikaa vizuri kuliko langu.

Njiani, wengine wakiwa mbele, Guka alitembea pembeni yangu. Nilimngojea anikaripie. Mwishowe akasema polepole, "Msichana, wewe hukupunguza mzigo. Ulihamisha tu." Tukaenda tena kitambo. "Mimi sitasema. Hiyo ni yako kusema." Hayo ndiyo maneno yote aliyoniambia. Alifariki miaka kadhaa baadaye, nami sikuwa nimesema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu utotoni niliijua methali hiyo, lakini hakuna aliyenionya kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mwingine.

Mama yako alikaa na plasta miezi mitatu. Kusuka ni kazi ya kusimama kutwa, na saluni ile haikumngoja, kiti chake kilipewa mtu mwingine. Nilimpelekea chakula, nilimfulia, nikamshika mkono akijifunza kutembea tena, na watu wa kanisani wakanisifu sana kwa urafiki. Hebu fikiria, nikasifiwa. Ni kweli kwamba baba yako alimwona mara ya kwanza akiwa na magongo, akajitolea kumbebea mkoba, na bila yale magongo pengine wewe usingekuwepo kuniletea begi. Lakini huo si utetezi. Mungu kupanda maharagwe kwenye shimo nililolichimba mimi hakunifanyi niwe mkulima.

Niliacha ukarani, nikajifunza kushona mabegi. Watu huniuliza kwa nini mtu mwenye vyeti anakaa Ngara na sindano. Huwa nawajibu kwamba napenda kazi ya mikono, na siku hizi ni kweli, ingawa mwanzoni nilikuwa natafuta tu namna ya kuurudisha mkanda mmoja mahali pake.

Basi ulipoondoka Jumamosi umenuna, nilimpigia mama yako simu. Nikamwomba ruhusa ya kukuambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nikasikia sufuria zake zikigongana kule jikoni, kisha akasema, "Mwambie tu. Hiyo nayo nimekubebea miaka mingi."

Nililia, mwanangu, sina haja ya kukuficha. Nilidhani siku ya mtoni nilimpa waya na turubai. Kumbe nilikuwa nimempa na uongo wangu, naye akatembea nao mbele ya mume wake na mbele yako, na kila Julai mguu ukimuuma aliubeba tena bila kusema.

Sasa sikiliza, wewe ndiye unayekwenda Ijumaa. Sikukatazi begi jepesi. Mimi mwenyewe sasa ningechagua jepesi, na vitambaa vya siku hizi ni vizuri sana. Lakini usilipime likiwa tupu. Tia ndani pakiti sita za unga za kilo mbili, zilizofungwa vizuri, ulivae, upande ngazi za nyumba yenu hadi juu na kurudi. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni, uukaze kwanza kabla ya ile ya mabega, na ukiwa umekaza uweze kuingiza vidole viwili chini ya mikanda ya mabega. Mgongo wa begi ufuate mgongo wako, siyo wa rafiki yako aliyekuazima. Bakisha nafasi, kwa sababu utarudi na waya. Ukitaka kupunguza gramu, punguza vile unavyotia ndani: viatu vya pili, chupa za mafuta ya kujipaka, na ile spika unayodhani siijui. Mifupa ya begi iache.

Na kabla hamjatoka langoni, chukua begi la kila mwenzako ulinyanyue kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona lako ni jepesi kuliko yote, usifurahi haraka. Uliza kwanza kitu chako kiko mgongoni kwa nani. Na mtu akikuambia "si ni kidogo tu," mtazame miguu, usimsikilize mdomo. Ukikosea, maana utakosea, sema palepale mtoni, wakati bado kuna mzee wa kukusikia.

Begi lako liko tayari. Mkanda nimeuongezea sponji na nimeushona mara mbili. Kama bado unataka nikate, nitakata, maana wewe ni mtu mzima na begi ni lako, lakini utakaa mbele yangu nikikata.

Mungu awakazie nyayo zenu juu ya mawe, mwanangu. Mvua iwakute mmeshasimamisha hema. Mikono yenu ijae waya na msitu ujae wanyama, na mrudi wote, kila mmoja kwa miguu yake, nawe umbusu mama yako kwa niaba yangu.