Shahidi wa Kibuta

Anifa Jabiri wa Mkuza ana ugonjwa mmoja: hawezi kuamini kitu kikiwa kimoja. Funguo za nyumba ana seti tatu, na moja iko kwa jirani. Simu ana mbili, na kila moja ina soketi yake ya kuchajia. Mumewe humtania kwamba kilichobaki ni kutafuta mume wa akiba tu, naye Anifa hucheka, lakini si cheko la mtu aliyetulia.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Ni fundi wa mitandao katika kituo cha afya cha watu binafsi chenye matawi mawili, moja Kibaha na jingine Kisarawe. Kila tawi lina seva yake, na mafaili ya wagonjwa yako kwenye seva zote mbili. Kinachoandikwa huku kinaonekana kule papo hapo, na seva moja ikifa, nyingine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukisikia hivyo unaona rahisi, eti? Ngoja basi.

Mwaka wa kwanza laini ya kati ya matawi ilikatika kutwa nzima. Kila seva ikadhani mwenzake amekufa, ikajitawaza, ikaendelea kuandika peke yake. Laini iliporudi zikakutwa habari za namna mbili: bibi mmoja wa Msimbu ana kisukari Kisarawe, Kibaha hana! Anifa alikaa wiki tatu akichambua faili moja moja, akakonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni.

Akaapa haitajirudia. Akaongeza mashine ya tatu, kidude kidogo tu kisichohifadhi faili hata moja. Kazi yake ni kupiga kura. Katika wale watatu, wawili wakionana, kazi inaendelea. Aliyebaki peke yake hafungui faili wala haandiki, hata umbembeleze vipi. Na kwa vile Anifa alishaumwa, alikaza zaidi: seva iliyojifunga isiweze kulazimishwa kwa mbali, hata na yeye mwenyewe. Mpaka mtu akae mbele yake kwa waya, na laptopu ya Anifa mkononi. Kile kidude wakakiita shahidi.

Sasa shahidi akae wapi? Ukimweka Kibaha, umeme wa Kibaha ukikatika wanakufa wawili kwa pamoja. Ukimweka Kisarawe, hivyo hivyo. Alihitaji mahali pa tatu penye umeme wake na mtandao wake. Anifa akampeleka Kibuta, kwa mama yake, Bi Mwanahalima, ambaye ana sola juu ya bati na mtandao wa simu kwake unashika vizuri.

Bi Mwanahalima alimpokea kama mgeni. Akamweka juu ya kabati karibu na redio, akamfunika kitambaa cha kufuma. Anifa akakiondoa, akieleza habari za joto. Alipogeuka kitambaa kimerudi, safari hii nusu.

"Anajua nini huyu shahidi wako?" mama aliuliza.

"Hajui kitu, mama. Anashuhudia nani yu hai, basi."

"Makubwa! Na mimi nimlinde asiyejua kitu."

Lakini alimlinda. Anifa alikuwa akipiga simu kila siku: "Shikamoo mama, taa ya kijani inawaka?" yote kwa pumzi moja. Miezi ikaenda, haraka zikazidi, shikamoo ikadondoka njiani. Ikabaki: "Mama, taa inawaka?" Naye mama, kwa kumchokoza, hakuacha kuitikia salamu ambayo hakupewa: "Marahaba. Inawaka."

Jambo moja Anifa hakuliweka kwenye ramani yake, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu alilijua. Nyumbani kwao ngurumo ikianza, kila kitu kinachomolewa. Redio, chaji, taa. Kioo kinafunikwa kanga, simu zinazimwa, watu wanakaa kimya mpaka ipite. Anifa akiwa darasa la nne, jirani yao Maulida alipigwa na radi mkono ukiwa kwenye redio, hakuinuka tena. Anifa alimwona kwa macho yake. Lakini mtu akishasoma, mambo ya kwao anayahesabu ya utotoni.

Ikaja Aprili, mvua za masika zimeshiba. Saa tisa alasiri radi ikapiga Mkuza, lilipo tawi la Kibaha, taa zikazima, na chumba cha seva kikanuka waya ulioungua. Anifa akabonyeza swichi mara tatu. Seva ya Kibaha ilikuwa imekufa. Akajipa moyo: ndiyo maana tuna Kisarawe.

Simu ikalia. Alikuwa Recho, muuguzi wa Kisarawe.

"Dada Anifa, mafaili hayafunguki. Kuna mama mjamzito ameletwa kutoka Msimbu, anaitwa Maua, kifafa cha mimba, hajitambui. Daktari anataka kumpasua sasa hivi. Mumewe anasema kuna sindano aliwahi kuchomwa huko Kibaha koo likavimba nusura afe, lakini hajui jina lake. Kadi wameisahau kwa haraka. Daktari anasema anaweza kungoja nusu saa, zaidi ya hapo hapana."

Seva ya Kisarawe ilikuwa nzima, faili la Maua limo ndani, na imejifunga. Maana yake shahidi hayupo. Kwenda Kisarawe na laptopu ni saa moja na nusu barabara ikiwa kavu, na barabara ilikuwa tope tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaza ile kufuli. Akapiga simu ya mama. Haipatikani.

Hapo ndipo alipokumbuka. Redio, chaji, taa, kioo.

Akampigia Hemedi, mwenye duka linalotazamana na nyumba ya mama yake. Hemedi alilalamika mvua, akaapa kwamba radi inachezea kwenye mnazi wake, lakini Mungu ambariki, alivuka. Anifa akasikia mlango ukigongwa, kisha sauti ya mama, kali.

"Nani huyo na simu kwenye radi?"

"Mama, mchomeke shahidi!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Mama, kuna mtu anakufa Kisarawe. Mchomeke, nakuomba."

Ngurumo ikasikika huko Kibuta, ikaja kwenye simu kama gunia la mahindi linaloburutwa darini. Anifa akamwona Maulida chini sakafuni, vidole vimekunjika, na akatambua ni nini hasa anachomwomba mama yake. Alitaka kusema basi, acha. Hakusema, kwa sababu akilini Maua naye alikuwa amelala.

"Ni mwanamke?" mama akauliza.

"Mjamzito."

"Hemedi, nivutie hicho kiti cha mbao. Na hizo kandambili." Kisha akaanza kusoma kwa sauti ya chini, Bismillahi, na kiti kikalia.

Ukasikika mlio mmoja mkubwa. Laini ikakatika.

Anifa akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Simu yake ya pili ikalia, akaipokea.

"Imefunguka!" Recho alikuwa akipiga kelele. "Tumeiona sindano, imeandikwa kwa maandishi mekundu. Ndiyo hiyo hiyo daktari alikuwa ameshaivuta kwenye bomba! Wanaingia naye sasa."

Anifa akasema ahsante, au alidhani amesema. Shahidi alikuwa kazini. Alikuwa akithibitisha kwamba Kisarawe iko hai na Kibaha imekufa, kama alivyotengenezwa. Habari za aliyemchomeka hakuwa na njia ya kuzijua.

Akakaa sakafuni kwenye harufu ya waya ulioungua, akipiga namba ya mama, namba ya Hemedi, namba ya mama. Saa nzima ikapita hivyo. Recho akatuma ujumbe: mtoto wa kike, mama anapumua vizuri. Anifa akausoma, akaendelea kupiga.

Mvua ilikuwa imeshakatika simu ilipolia. Namba ya mama. Akaipokea, na kinywa, Mungu amsamehe, kikatoa kile kilichokizoea.

"Mama, taa inawaka?"

Alitaka kujing'ata ulimi.

"Inawaka," mama akasema. "Simu ya Hemedi imetumbukia kwenye ndoo, maskini. Na mimi nipo, kama ulikuwa unauliza."

Anifa akajaribu kusema ile salamu. Kikatoka kilio tu, kirefu, kama cha mtoto wa darasa la nne. Bi Mwanahalima akamsikiliza mpaka alipopungua.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."