Mama Mkwe Alikataa Kupumzika

Niliolewa Kindu wakati wa Wabelgiji, katika nyumba ya Waislamu ambako mke mpya alingojea jambo moja: kupokea mchi. Mama mkwe akishakoma damu ya mwezi, humkabidhi mke wa mwanawe mchi wa kutwangia mpunga, kisha huketi mkekani, hulishwa, hunenepa. Hilo liliitwa kupumzishwa. Mama mnene mkekani alikuwa sifa ya ukoo mzima, na mke asiyepewa mchi alihesabiwa bado yumo njiani.

Damu ya mama mkwe wangu ilikuwa imekoma kabla sijafika. Mchi hakuutoa.

Asubuhi ya kwanza nilinyoosha mikono kuupokea, kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu Tunda. Aliitazama mikono yangu kana kwamba naomba sadaka, akaendelea kutwanga. Baba mkwe akakohoa.

"Mama, pumzika sasa," akamwambia mkewe.

"Dada yangu wa Lokandu mulimupumzisha," akajibu. "Iko wapi leo?"

Dada yake alikuwa kaburini. Alipumzishwa, akanenepa hadi wageni wakawa wanampongeza mumewe. Siku moja aliinuka kumsalimia mgeni, akajikwaa kizingitini, nyonga ikavunjika. Hospitalini walimlaza, naye hakusimama tena. Watu walipokuja matangani wakasema amepumzika, na tangu hapo mama mkwe hakutaka kulisikia neno hilo.

Siku hizi nimemsikia daktari akieleza kwamba damu ikikoma mifupa hupungukiwa nguvu. Uzito wa mwili huisaidia kiasi, lakini misuli inayofanya kazi huisaidia zaidi. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba sina kazi, na kwamba majirani wananong'ona kuwa mimi ni mvivu.

Basi nikaketi mimi. Nikala wali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wa mtoni, nikanenepa. Mama mkwe alikula kunishinda, maana hakuwa na ugomvi na chakula, lakini chote kilimwishia mabegani. Mchuuzi mmoja wa Pangi aliingia uani, akanisalimia mimi kwa heshima ya mwenye nyumba, kisha akamwagiza mama mkwe anisogezee kiti. Mama mkwe akakisogeza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nikamwambia mume wangu narudi kwetu, kwani mke asiye na mchi si mke. Akasema nivumilie. Yeye alishinda kazini relini. Hakuwa akiusikia ule mdundo wa mchi mchana kutwa.

Kabla sijafunga mizigo mvua ikanyesha, udongo wa ua ukalainika. Mama mkwe akateleza akiwa amebeba ungo wa mpunga. Alianguka kwa ubavu, kwa kishindo. Nilikuwa nimemnunia tangu asubuhi, lakini nilipomwona chini nilipiga kelele nikamkimbilia. Nilimpenda, na nilishangaa kujua hivyo. Nikapiga magoti matopeni nikamkumbatia nyonga, nikimsihi asijitikise.

"Hii haiuma," akasema. "Nimeangukia upande ingine."

Akanisukuma, akasimama mwenyewe. Akajipapasa kiuno, paja, kiwiko. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinuka. Magoti yalinigomea na pumzi zilinikatika, mpaka yeye, mwanamke wa umri ule, akanishika kwapani akaninyanyua. Akanitazama toka juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

"Siku moja na wewe damu itakoma," akasema. "Kesho tunakuchongeshea muchi yako. Kinu kinatosha watu wawili. Sitaki muke wa mwana wangu avunjike."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nikaanza kulia, naye akaniambia niokote mpunga kwanza, kuku wanakuja.