Majani Yaliyomkaukia Nyamusi

Ukimwona Nyamusi akipita kati ya vitanda vya majani, utadhani ni nesi anayezungukia wagonjwa waliolala. Vitanda vyenyewe ni vya wavu, virefu, na chini yake feni zinanguruma mchana kutwa, zikipuliza hewa, ya baridi au ya moto, mpaka majani ya chai yalegee. Kazi yake ni kunyausha. Anachota konzi, anafinya, anafungua kiganja. Yakishikana kama tonge la ugali, yako tayari kwa mashine. Yakitawanyika, bado. Yakivunjika, yamekauka mno, ole wake.

Kiwanda kiko upande wa Boito. Wenye kampuni wapya walipoingia, walisema ati wanaipanga upya. Kupanga upya! Utadhani ni vikombe kabatini. Maana yake ilikuwa viwanda viwili vitafanywa kimoja, na wengine watakwenda nyumbani. Nani? Meneja alipoulizwa, alisema "mtajulishwa," akaingia zake garini.

Wenzake waliposikia "nyumbani" walifikiria mashamba ya baba zao. Nyamusi hakuwa na la kufikiria. Baba yake alitoka Kisii akiwa kijana, akaja kuchuma chai, akamzaa hapa kambini kwa wafanyakazi na akafia hapa kambini. Huko alikotoka, ndugu zake waligawana ardhi zamani bila kumkumbuka. Na nyumba ya kambini ni ya kampuni: kazi ikiisha, unatoka. Hilo ndilo lililomnyima Nyamusi usingizi.

Basi usingizi akawa anauiba mchana. Alisimama wima, macho wazi, na hayupo. Joto la feni lilimpanda miguuni, harufu tamu ya majani ikamlewesha, ukungu ukajaa madirishani, naye akajiona anafagia mlangoni kwake. Lakini kila akisogea, nyumba nayo inasogea, inateremka kilima taratibu katikati ya michai, na binti yake Janefer amekaa dirishani anasuka nywele, hana habari. "Ngoja!" anaiita nyumba. Nyumba haingoji. Ndoto ilimtisha, na bado aliipenda, maana humo ndani angalau nyumba alikuwa anaiona.

Siku moja aliifuata mbali mno. Alipozinduka, alitia mkono kwenye kitanda kilichokuwa mbele yake, akafinya, na majani yakavunjikavunjika. Hewa ya moto alikuwa amesahau kuifunga. Kitanda kizima! "Mungu wangu, nimejimaliza," akasema.

Kipchirchir, msimamizi wao, ambaye kambini nyumba yake na ya Nyamusi zina ukuta mmoja, alikuja naye akafinya. Hakufoka. Mtu ambaye kwa kawaida hufoka hata feni ikikohoa!

"Mama Janefer, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, Baba Kipkurui. Ni akili ndiyo ilitoka."

Kabla hajajibu, meneja alitokea ngazini, akaona kitanda. "Hii ni kazi ya nani?"

"Ni yangu," alisema Kipchirchir. "Nilimtuma huyu mama upande ule, halafu nikasahau kufunga hewa."

Meneja alimwangalia, akatikisa kichwa. "Afadhali tuliamua vile tuliamua," akasema, akashuka.

Nyamusi alimvuta Kipchirchir mkono. "Waliamua nini?"

"Mimi naenda. Niliambiwa jana. Wasimamizi wote wa hapa tunaenda. Nyinyi wa vitanda, bado wanachagua."

"Na ukanyamaza! Tena unabeba kosa langu? Watasema umefukuzwa kwa uzembe."

"Wacha waseme. Mimi niko na kwetu Roret. Mama yuko, ng'ombe wako, chai kidogo iko. Wewe, kwenu ni wapi?"

Swali hilo Nyamusi alikuwa akiulizwa tangu utotoni, na kila mara lilikuja na mwiba wa kumwambia si wa hapa. Aliutafuta mwiba usoni mwa Kipchirchir, hakuuona. Aliona mtu aliyechoka, anayesubiri jibu.

"Ni hapa," alisema, na machozi yakamtoka.

"Si ndiyo maana nikabeba mimi?" Kipchirchir alijifuta vumbi la majani mikononi. "Sasa shika kazi, wasipate sababu ya kukutoa."