Gari Lililongoja Klachi

Kila Jumamosi asubuhi, watu wazima wenye akili zao timamu huja mtaani kwetu kutazama gari bovu. Huja kwa kundi, wamevaa kofia pana na viatu vya kupandia mlima, ingawa mlima pekee tulio nao ni lundo la takataka nyuma ya kituo cha boda boda. Wamebeba chupa za maji migongoni utadhani wanavuka jangwa. Wachache ni Wazungu. Wengi siku hizi ni Wakenya wenzetu wa upande wa pili wa jiji, waliozaliwa Nairobi, wakasomea Nairobi, na hawakuwahi kukanyaga huku mpaka walipoambiwa kuna vituko. Hao ndio wanaonikera zaidi. Mzungu angalau ametoka mbali.

Anayewaleta ni kijana mmoja wa mtaa wa jirani. Namwita kijana kwa mazoea tu, maana ana watoto wawili na kitambi. Alisomea utalii, akakosa kazi ya hoteli, akaamua kuzungusha watu kwenye maajabu ya kando ya barabara. Anaanzia Kariobangi, kwenye geti lililochomelewa lote kwa minyororo ya baiskeli. Kutoka hapo anawapeleka kwa kinyozi anayenyoa watu ndani ya tangi kuukuu la maji lililokatwa mlango, kisha kwenye sanamu ya simba wa saruji, ambaye kila mwenye macho anajua ni mbwa. Wanampiga picha huyo mbwa kwa heshima zote. Mwisho wanaletwa kwetu, kwa sababu sisi, anavyosema, ndio kilele cha safari.

Gari lenyewe ni lile refu la zamani, lenye safu tatu za viti, na limekaa juu ya mawe nje ya dirisha letu la chini tangu nikiwa shule ya msingi. Chini ya boneti hakuna injini siku hizi, kuna sukuma wiki. Nyuma kwenye mizigo mna kunde na mrenda. Viti vya katikati ni vya kuku, nao hutaga humo na kuchungulia barabara kupitia vioo kama abiria waliochoka. Ukipita asubuhi utamkuta jogoo juu ya paa akipiga kelele. Mtu akilipa nauli ya kuja kuona hayo, mimi nasema ana pesa za kuchezea.

Mwenye gari alikuwa baba yangu. Alikuwa dereva wa kampuni, na gari hilo alilinunua ili atupeleke nyumbani magharibi kila Krismasi, tukiwa tumekaa vizuri, majirani wakituona. Mwaka wa kwanza tu, tukiwa tumeshafunga mizigo, mama ameshika kuku wa kupeleka kwa mkwewe, klachi ikakataa. Baba akaliinua gari kwa jeki, akalipanga juu ya mawe, akapangusa mikono. Akamwambia mama, "Naenda Kariobangi mara moja kununua klachi. Weka chai." Kariobangi tunaenda kwa miguu. Chai iliwekwa, ikachemka, ikapoa, na baba hakurudi.

Hakufa. Wala hakupotea. Miezi michache baadaye tulijua, kama mtaa wote ulivyojua, kwamba aliipita Kariobangi akaenda moja kwa moja mtaa wa Baba Dogo, kwa mwanamke mwenye duka karibu na kiwanda. Mtaani yakawa mazungumzo. Mume wa mtu akichelewa kurudi, majirani waliulizana kwenye foleni ya maji, "Ameenda klachi?" Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, akingoja zamu yake.

Huku kwetu gari likiwekwa juu ya mawe haliguswi. Wale vijana wa vyuma chakavu wanaweza kung'oa kifuniko cha mtaro huku umekikanyaga, lakini gari lililo juu ya mawe wanalipita, kwa sababu yale mawe ni ahadi ya mwenyewe kwamba ametoka kidogo na anarudi. Heshima ya ajabu kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Injini tuliiuza wenyewe, karo iliposumbua. Gari likabaki, mama akaanza kubeba udongo kwa karai.

Akapanda kila mahali isipokuwa kiti cha dereva. Hicho hakukiwekea udongo, na kuku akikirukia alimfukuza na mwiko. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: usukani unazuia jua, na mama ni mtu wa usafi. Sikuona zaidi ya hapo.

Basi huyo kijana wa watalii akaja na hadithi yake. Mara ya kwanza niliisikia nikiwa nafua nguo kando ya mlango. Alisimama kwenye boneti, mikono hewani, akaanza:

"Sasa wasee, hapa ndio mapenzi iko. Mzee wa hii gari alienda kutafuta klachi, akagongwa na lori huko njiani. Mathe akaapa hii gari haitatoka hapa. Akapanda sukuma sababu mzee alikuwa anapenda sukuma kuliko nyama! Na mcheki kiti ya dereva. Iko wazi. Anamngoja mpaka wa leo."

Wageni wakatoa sauti ile ya watu wanaoguswa kwa urahisi. Mama mmoja mwenye miwani ya jua kubwa akashika kifua. Baba yangu akipenda sukuma! Baba akiona sukuma mezani alisukuma sahani akasema yeye si mbuzi. Na lori lipi? Laiti kungekuwa na lori.

Nikafuta mapovu mikononi niende nikamwumbue mbele ya kofia zake. Mama akanivuta mkono kutoka nyuma ya pazia. Kumbe alikuwa amesimama hapo akisikiliza.

"Mwache," akasema.

"Mama, huyu anadanganya watu."

"Najua. Mwache adanganye."

Nilikuja kuelewa polepole, na kuelewa hakukunipunguzia hasira. Nyumba za zamani za mtaa wetu zilikuwa zimebomolewa kwa wingi, maghorofa yamepanda, wapangaji ni wapya. Hadithi ya yule kijana iliwafikia wao kabla ya ile ya foleni ya maji. Wakaanza kumpa mama pole. Kanisani akina mama wakamwita kwenye kikundi cha wajane, wakampa kitambaa cha zambarau, naye akakivaa. Kwa miaka mingi mama alikuwa mwanamke aliyeachwa na chai mezani. Sasa alikuwa mjane, na mjane husalimiwa vizuri. Ningefungua mdomo Jumamosi moja tu, angerudi kuwa kichekesho. Alijua hivyo, nami nilijua, kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa nimeuma ulimi nikitazama wajinga wakipiga picha mboga.

Mama alizoea hata kutoka nje mwishoni mwa hadithi. Aliwasalimu, akachuma majani machache, akayafunga kwenye gazeti na kumpa mgeni mmoja. Yule aliyepewa alifurahi utadhani sukuma haiuzwi kila kona ya Nairobi.

Ikafika Jumamosi moja mwaka huu, baada ya mvua. Kundi lilikuwa kubwa. Nyuma yao kabisa niliona mzee aliyevaa koti zito, amesimama ameegemea upande mmoja, bega la kulia limeshuka. Madereva wa zamani husimama hivyo, wamezoea kuegemeza kiwiko dirishani. Nilimtambua kwa bega kabla ya uso. Uso ulikuwa umezeeka vibaya, na nilifurahi.

Alinisogelea. Hakuuliza hali yangu wala ya mama. Kwa sauti ya chini akasema, "Mwanangu, kuna mtu wa hoteli ameona hili gari kwenye simu. Analitaka aliweke kwenye bustani yake. Nimekuja kuongea na mama yako. Gari ni langu, kadi ya umiliki ninayo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiwekea akiba ya maneno ya kumwambia mtu huyu, maneno makali, nimeyanoa nikiwa kwenye foleni za basi na foleni za hospitali. Yote yaliruka. Mbele yetu kijana alikuwa amefika penye lori, anaonyesha kwa mikono jinsi lilivyokata kona.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Bado unagongwa."

Akageuka kusikiliza. Sijui kama aliwahi kusikiliza kitu maishani mwake kwa makini vile. Alisikia alivyokuwa mume mwema. Alisikia alivyopenda sukuma. Alisikia damu yake ilivyomwagika barabarani huku akitaja jina la mkewe, kipande ambacho kijana alikiongeza siku hiyohiyo, kwa sababu kundi lilikuwa kubwa. Mwanadada mmoja mwenye kofia ya majani akapangusa machozi. Baba akavua kofia yake, labda kwa mazoea ya matanga.

Mama akatoka na gazeti lake mkononi. Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke anayekaanga mandazi, mmoja wa wachache waliobaki wa zamani. Yeye alimwona baba kabla ya mama, na mandazi yake yakaanza kuungua. Kisha mama akamwona. Alisimama kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni, halafu akaja moja kwa moja mpaka mbele yake. Nilidhani yote yamekwisha, kitambaa cha zambarau na salamu za kanisani na kila kitu.

"Mama watoto," baba akaanza.

"Karibu, mgeni," mama akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Umetoka wapi?"

Baba akatazama huku na huku. "Baba Dogo."

Wageni wakacheka kidogo, kwa kuwa wao walikuwa wametoka mbali zaidi.

"Baba Dogo si mbali," mama akasema. "Ni pale tu."

Yule kijana, ambaye hakujua mzee huyu ni nani, akafurahi. "Poa sana, mzee! Hata nyinyi wa huku karibu mnafaa kujua hizi stori. Uliza swali, usiogope."

Baba akalamba midomo. "Na gari," akasema, "sasa ni la nani?"

"La marehemu," mama akajibu. "Kuna watu wanalitaka, nasikia. Mimi sina neno. Mwenye haki nalo aje tu asimame hapa, aseme mbele ya watu yeye ni nani kwa marehemu."

Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakaona ni haki. Simu zilikuwa juu, zinarekodi. Mwanamke wa mandazi alikuwa ameacha karai lake, amevuka barabara, ameshika kiuno. Baba alichotakiwa kusema ni neno moja tu, na alikuwa na kadi mfukoni ya kulithibitisha. Lakini neno hilo lingemfufua, na angefufuka kama alivyokuwa: mtu aliyeenda klachi. Nilimwona akilitafuta, akalimeza. Mwoga ni mwoga, hata akizeeka.

"Pole kwa msiba," akasema.

"Asante. Nimeshapoa."

Mama akamkabidhi ile sukuma iliyofungwa kwenye gazeti. "Upeleke, wakupikie," akamwambia. Akaipokea kwa mikono miwili, maana hakuwa na namna, akaondoka nayo kwapani kuelekea njia ya Kariobangi. Mwanadada wa kofia ya majani akaniambia kwamba ilikuwa safari nzuri kuliko zote alizofanya. Nikamwambia ajaribu kusafiri zaidi.

Siku ile mama alipika, akala, akapiga pasi kitambaa chake cha kanisani. Mimi nilisema kwa niaba yetu wote, nikamtukana baba kuanzia koti mpaka viatu, naye aliniacha niseme.

Asubuhi ya Jumapili niliamka nikamkosa ndani. Nilimkuta nje, amekunja gauni la kanisani na kulifunga kiunoni, mlango wa dereva uko wazi. Alikuwa anamwaga udongo kwenye kile kiti. Karai la kwanza lilikuwa limeshaingia na halikuonekana limefanya kitu. Kando yake, juu ya jiwe, kulikuwa na mbegu za kunde ndani ya kikombe.

Nilisimama pale na maelezo yangu yote kuhusu usukani na jua. Yule mpiga domo mwenye kitambi alikuwa amedanganya kila kitu, lori, damu, sukuma, akabahatisha jambo moja tu, la kiti, na hilo mimi niliyeishi humo ndani sikuliona.

Mama akausawazisha udongo kwa viganja. Haukujaa. Ngozi ya kiti ilikuwa bado na shimo, upana wa mtu, pale baba alipokuwa akikaa.

"Lete karai lingine," akasema bila kunitazama. "Hapa palibonyea sana."

Nikaenda kuchota.