Jumba la Chokaa Mchangani

Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kufanya kazi Saudia, alikwenda Uingereza kutibiwa mgongo, akarudi na kitabu cha picha na wazo moja. Kitabu kilihusu jumba la kifahari la mashambani, la mawe ya rangi ya asali, lenye umri wa karne kadhaa. Wazo lilikuwa kulijenga upya Al-Naseem, ambako miaka ile mji wa Riyadh ulikuwa ukikimbilia mashariki na bado kulikuwa na mchanga mwingi kuliko kuta.

Mimi nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi yake. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni na nina ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kwa nini dohani sita mahali ambapo watu hulala juu ya paa kwa joto? Kwa nini madirisha marefu kuliko mtu, yakitazama jua? Na dirisha moja la ghorofani halikuwa dirisha kabisa. Lilikuwa ukuta uliopakwa rangi ya kioo, kwa sababu upande wa pili palikuwa na dirisha la kweli, na mjenzi hakutaka jumba lake liwe chongo.

"Tena kule Uingereza sheria inalilinda jumba hilo," nikamwambia. "Mwenyewe hawezi kubadili hata kitasa bila kibali."

"Ndiyo maana nataka langu," akasema. "Mimi nitabadili kitasa kila Ijumaa."

Alicheka, kisha akaweka kidole juu ya dirisha moja pichani. Alikuwa amelizuru jumba hilo pamoja na watalii. Aliyewatembeza aliwaambia chumba kile hakiingiwi, kwa kuwa anaishi mama wa mwenye nyumba.

"Wanaacha watu wapite na viatu nyumba nzima," akasema, "lakini mama yao yumo ndani."

Mama yake yeye alikuwa bado akiishi peke yake katika nyumba ya udongo Al-Shumaisi, na kila alipoombwa ahamie kwa mwanawe alikataa. Jumba hili lilikuwa ombi la mwisho. Nikaacha habari za dohani, angalau kwa siku mbili.

Desturi ya ofisi yetu, kabla ya kuchimba msingi, ilikuwa kuichora nyumba chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake wenyewe. Kila ukuta mstari, kila mlango pengo. Asubuhi moja, jua halijakasirika, bosi akamleta mama yake. Alikuwa bibi mfupi, amejifunika nyeusi, ana bakora. Sisi sote tulikuwa tukikatiza mistari ovyo. Yeye aliizunguka nyumba mpaka akalipata pengo la mlango wa mbele, akasema bismillahi, akaingia kwa mguu wa kulia. Akasimama.

"Nini hii mbele yangu?"

"Ngazi kuu, bibi," nikasema. "Ya marumaru. Inapanda katikati, halafu inagawanyika pande mbili."

"Na mgeni wa mwanangu akisimama hapa nilipo?"

"Anaiona yote. Ndiyo fahari yake."

"Basi nikishuka kutafuta maji, ananiona na mimi, tangu unyayo." Akamgeukia mwanawe. "Umenijengea jukwaa?"

Akatoka kwa pengo lilelile, akarudi garini. Bosi alibaki katikati ya ukumbi wake wa chokaa kama mtu aliyefungiwa nje.

"Kama yeye hakai, mimi sijengi," akasema. "Halas."

Nilikuwa nimehoji kila kitu katika jumba lile isipokuwa mlango.

Mwisho wa wiki nikaenda Jeddah kwa mama yangu, na ramani kwapani. Tangu tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, alikuwa amepanga ghorofa moja katika nyumba ya zamani ya matumbawe, yenye roshani za mbao zilizochongwa matundu, aliye ndani aone asionekane. Wenyewe walikuwa wamehamia majumba mapya yenye viyoyozi. Nyumba ile haikulindwa na sheria yoyote. Kipande cha roshani kikianguka kichochoroni, mama alikiokota akakiweka chini ya kitanda.

Aliitandaza ramani mkekani, akaikandamiza kwa kinu upande mmoja na mbuzi ya nazi upande wa pili.

"Na huku nyuma nani anapita?"

"Watumishi. Ngazi yao imefichwa ndani ya kuta, kutoka jikoni mpaka juu, ili wageni wasiwaone."

"Wasiwaone kabisa?"

"Kabisa."

Akanitazama kwa huruma. "Mtoto wewe, kusoma kumekusahaulisha? Nyumba ya babu yako Unguja ilikuwa na ngazi hiyohiyo, ya wanawake. Mimi nimeipanda tangu mwari. Hao Waingereza wana ngazi ya heshima, wamempa mpishi!" Akaigonga ramani kwa kidole kinachonuka kitunguu. "Mpe mama wa watu mlango wake. Basi."

Nilirudi Riyadh, nikaipanua ngazi ile, nikaifungulia mlango wa ubavuni. Lile dirisha la uongo, lililoangukia mwisho wa ngazi, nikalifungua liwe la kweli, nikalitilia roshani ya mbao kama zile za Jeddah. Tukamwaga chokaa upya.

Bibi alikuja akinung'unika. Akaingia ubavuni, kwa mguu wa kulia. Akaanza kupanda ngazi ya chokaa juu ya mchanga tambarare, akiinua baibui kila mstari, na katikati akasimama kuvuta pumzi. Hakuna aliyecheka. Alipofika dirishani alitazama chini, yaani mbele, mahali bosi aliposimama kwenye mlango wa mbele kama mgeni.

"Mimi namwona," akaniambia. Kisha akapaza sauti: "Na wewe unaniona?"

Bosi, mtu mzima mwenye wafanyakazi mia, aliziba macho kwa viganja viwili. "Sikuoni, mama!"

Bibi akaketi palepale kwenye chumba chake, akalaza bakora kando ya mstari wa ukuta.

"Niletee kahawa," akasema. "Na watakaoleta godoro langu, waambie wapite mlango wangu, wasipite wake."