Timu Iliyovaa Wino

Watu huniuliza nilijifunza wapi kutoogopa kikao cha wanaume, na huwa wanatarajia niseme kanisani. Nilijifunza kando ya viwanja vya vumbi vya Eastlands, nikiwa na daftari na penseli mbili, nikiifuata timu ambayo hata mama za wachezaji hawakuifuata.

Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la misumari karibu na Gikomba. Tulifundishwa kupiga taipu, kuweka vitabu vya biashara na hatimkato, ule mwandiko wa mikwaju na nukta unaokwenda mbio kama ulimi. Wengi wetu tulikuwa wasichana. Wavulana walikuwa haba kiasi kwamba timu ya mpira ilipoundwa, yeyote aliyeweza kukimbia bila kukohoa alipewa namba. Mkuu wa chuo aliruhusu tuingie ligi ya mitaa kwa sharti moja. Tukifungwa, si neno. Lakini tukitoroka mechi au tukifukuzwa ligini, mpira unaingia stoo na hautoki tena.

Ligi ilitaka kila timu iwe na katibu wa kuleta orodha ya wachezaji iliyopigwa taipu. Kapteni wetu, kijana wa Huruma aliyekuwa akiranda mbao asubuhi kabla ya masomo, alinijia darasani kwa sababu taipu yangu ilisikika kuliko za wengine. Aliniambia, "Sista, miguu tunayo. Mikono ndiyo hatuna."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nyumbani nilikuwa wa kuchota maji, kubeba mtoto na kupisha wageni kiti. Hapa palikuwa na watu kumi na mmoja waliohitaji kitu nilichokijua mimi na wao hawakukijua. Nisingekiachia kitu hicho kwa ombi wala kwa fimbo, na nililisema hilo mapema, kwa sauti, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakusikia.

Baba alisikia. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kanisa aliyetoka magharibi mwa nchi, na aliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Alisema viwanja vya mpira ni vya wahuni na binti wa nyumba yake hatasimama huko Jumamosi akitazamwa. Nikamjibu kwamba sitasimama nikitazamwa, nitasimama nikiandika. Mama alitazama sufuria. Baba hakunipiga, alinyamaza tu siku tatu, na kwa mtu aliyependa mazungumzo kama yeye hiyo ilikuwa adhabu yake zaidi kuliko yangu.

Mechi ya kwanza tulicheza Huruma, kwenye kiwanja kilichokatwa katikati na njia ya watu. Kipindi cha pili mama mmoja alipita na debe la maji, likamlemea, na beki wetu wa kushoto akaacha kazi yake akamtwika. Bao la tatu lilipita nyuma yake akiwa bado ameinua mikono. Tulifungwa manne. Kila mechi niliiandika daftarini kwa hatimkato. Kapteni aliniomba nisiandike habari ya debe, nami nikamwambia kilichotokea kimetokea. Mwalimu wetu wa hatimkato, mama mkali mwenye miwani ya kamba, alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza: andika kilichosemwa, soma kilichoandikwa, na kama kinakuchoma, kikuchome.

Mechi ya pili tulitoka sare, bao moja kwa moja, na nusura furaha ituue. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mtu wa ligi aliyekusanya orodha. Alitazama juu ya kichwa changu akamwita kapteni alete karatasi. Kapteni alisema karatasi anayo katibu. Yule bwana akasema yeye hapokei orodha ya mpira kutoka kwa msichana. Mimi sikumpa mtu mwingine. Nilisimama mbele yake mkono umenyooka, refa akiuliza wanasubiri nini, mpaka akaipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya. Mkono uliniuma, lakini niliufurahia ule uchungu.

Huyo huyo ndiye aliyetuambia kwamba mechi ya tatu lazima tuvae jezi za rangi moja. Mpaka hapo kila mtu alicheza na shati la kwao. Tulikwenda Gikomba, tukapekua mafurushi ya mitumba asubuhi nzima, tukapata fulana nyeupe za kutosha. Muuza rangi alitueleza tuzichemshe na chumvi, tuziache zilale humo. Kapteni akasema chumvi na kuni za nini, na stoo ya chuo ina katoni ya chupa za wino wa kalamu uliozeeka bila mtu kuutaka. Aliuliza kama wino si rangi.

Ningeweza kusema nilimkataza. Nilishika mwiko nikakoroga. Sisi tulikuwa watu wa wino. Kila siku tulinawa tukaona hautoki vidoleni, na tuliamini kwa dhati kwamba hakuna kitu duniani kinachong'ang'ania kama huo. Fulana zilikauka kwenye kamba, bluu iliyokolea kama sare mpya za shule, na wasichana wa darasa la taipu walishuka ngazi kuja kuzitazama. Nilijiona mtu mkubwa.

Mechi ya tatu ilikuwa Baba Dogo, dhidi ya timu ya kiwanda kimoja cha huko. Wao walikuja kwa lori, wamevaa jezi nyeupe zilizoshonwa nambari mgongoni. Asubuhi hiyo wingu lilikuwa zito, na nilipofika mlangoni nyumbani nilikuta koti la mvua la Baba, lile kubwa la reli, limetundikwa juu ya kandambili zangu mahali ambapo halikutundikwa kamwe. Baba alikuwa anasoma Biblia, au anaishika. Nilivaa koti nikaaga, akaitikia.

Dakika ya ishirini kapteni wetu alifunga kwa kichwa. Timu iliyofungwa manne na mama wa debe ilikuwa inaongoza moja bila mbele ya wafanyakazi wa kiwanda kizima. Nilitaka kupiga kelele, lakini mkono ulikuwa na kazi.

Mvua ilishuka kipindi cha pili. Kwanza mabega ya wenzetu yakapauka. Kisha kaptura zikawa bluu, na miguu, na soksi. Kila walipogongana na wale wa jezi nyeupe waliwaachia bluu vifuani, na tope likamalizia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tumekikoroga wenyewe. Baada ya dakika kumi uwanjani palikuwa na watu ishirini na wawili wa rangi moja, rangi ya mtaro, wakinyimana na kupeana pasi bila kujuana.

Refa akapuliza filimbi. Aliwaita makapteni wote wawili kando ya mstari, hatua mbili kutoka niliposimama, daftari likiwa ndani ya koti la Baba. Nikaandika. Refa alisema, "Sioni nani ni nani. Mechi nimeisimamisha mimi. Mtarudia siku nyingine, mabao yanafutika." Kapteni wa kiwanda akajibu, "Sawa, refa, turudie." Wetu akasema sawa. Watu wakatawanyika, na refa akapanda lori la kiwanda, maana mvua ilikuwa kubwa. Hilo pia niliandika.

Jumatano barua ikaja. Ilisema timu ya chuo ilitoka uwanjani yenyewe kabla ya muda kwisha, kwamba kiwanda kimepewa ushindi, na kwamba tufike mbele ya kamati Jumamosi kueleza kwa nini tusifutwe ligini. Mkuu wa chuo alisoma, akavua miwani, akaomba mpira uletwe ofisini. Kapteni aliupeleka mwenyewe akiwa ameubeba kama mtoto aliyelala. Mkuu alisema utakaa pale mezani hadi Jumamosi, na baada ya hapo ama utarudi kwetu ama utaingia stoo.

Kapteni alikuwa amekwisha kukata tamaa. Kwenye ngazi aliniambia, "Mnyonge hana haki, sista. Wale wana lori."

Nilikasirika naye kuliko nilivyomkasirikia refa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kila mtangazaji wa redio anatuambia hivyo, nami nakubali. Kushindwa nilikuwa nimekuandika bao kwa bao. Huku kulikuwa kuibiwa, na mwizi hafai kupewa hata kiti cha kukalia. Nilimwambia avae shati safi Jumamosi na asiseme lolote mpaka nimalize.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa mtaa, wanaume watano nyuma ya meza ndefu, birika la chai katikati. Refa alikuwepo, na kapteni wa kiwanda pia. Mwenyekiti alisoma ripoti ya refa kisha akamuuliza kapteni wetu ana la kusema. Kapteni akanyoosha mkono kunielekea. Vidole vyake, kama vyangu, vilikuwa bado na bluu kwenye kucha.

Niliposimama mwenyekiti alisema, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, "Binti, hiki ni kikao cha mpira." Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja na mpira wote daftarini. Nikafungua daftari nikasoma: debe la Huruma, vidole viwili vya mpokea orodha, bao la kichwa, mvua. Nikasoma maneno ya refa kama alivyoyasema, na jibu la kapteni wa kiwanda. Yule kapteni aliinamisha kichwa akaanza kuchezea kifungo cha shati.

Refa akasema hayo ni ya kutunga. Mwenyekiti aliomba daftari, akaligeuza juu chini, akawaonyesha wenzake. Akasema haya ni makucha ya kuku, hakuna awezaye kuyasoma isipokuwa mwenyewe, basi anaweza kusoma lolote analotaka. Wawili wakacheka. Nilikuwa na woga, sikatai, lakini hasira ilikuwa imekaa juu yake kama jiwe juu ya gazeti.

Nilimwambia, "Mzee mwenyekiti, sema chochote unachotaka, kwa kasi unayotaka. Mimi nitaandika, kisha nitakusomea."

Akatabasamu. Alichukua kitabu cha kanuni za ligi akasoma ukurasa mzima mbio mbio, mambo ya kona, kadi na urefu wa milingoti. Penseli ilikimbia. Alipofika mwisho alikifunga kitabu, akajiegemeza kwa jirani yake, akaweka kiganja mdomoni akanong'ona. Lakini masikio yangu yalikuwa karibu kuliko alivyodhani. Penseli ilikuwa bado inakwenda.

Nilisoma kanuni zote. Kona, kadi, milingoti. Mzee mmoja wa mwisho wa meza, mwenye kofia ya sufu, alikuwa amechukua kile kitabu akifuata kwa kidole, na kidole hakikusimama hata mara moja. Mwenyekiti alisema vizuri, imetosha, nikae.

Pale ndipo nilipokuwa na nafasi ya kukaa. Ningekaa, pengine tungeshinda vilevile. Nilimkumbuka mwalimu wa miwani ya kamba, na ule mkono wangu ulionyooka mpaka ukauma, nikasema bado sijamaliza kilichosemwa.

Nikasoma: "Tumalize upesi, huyu arudi jikoni kwa mama yake. Kiwanda kimeipa ligi mipira sita. Hawa wametupa nini?"

Hakuna aliyegusa chai. Kapteni wangu alitazama dari. Jirani wa mwenyekiti, yule aliyenong'onezwa, alianza kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa ushahidi wa kutosha kwa yeyote mwenye akili. Mzee wa kofia ya sufu alikiweka kitabu mezani taratibu. Alimgeukia kapteni wa kiwanda akamuuliza kama ni kweli alimwambia refa sawa, turudie. Yule kijana akasema ni kweli, na akasema kwa sauti, kama mtu aliyetua gunia.

Mzee akasema, "Basi irudiwe." Mwenyekiti hakusema kitu, kwa hiyo sikuandika kitu.

Jumatatu mpira ulirudi kwetu. Jioni hiyo Baba aliniomba nimsomee yaliyotokea, nikamsomea yote, hata lile neno la jikoni. Nilipofika hapo alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema kwamba mama yake, yule niliyebeba jina lake, naye hakukaa alipoambiwa akae.

Tulirudia Baba Dogo siku ya jua kali. Wenzangu walivaa fulana zilezile zilizopauka, bluu ya maji ya kufulia, na hakuna aliyeona aibu. Refa alikuwa yuleyule. Kabla ya kupuliza filimbi alitembea mpaka mstarini akasimama mbele yangu, akalitazama daftari.

"Unaandika?" akauliza.

"Naandika."

Siku hiyo alitamka kila uamuzi wake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Tulifungwa matatu bila. Yote yalikuwa halali. Daftari ninalo mpaka leo, na lolote kati ya hayo naweza kukusomea.