Mstari Nilioufuta Angani

Picha ile niliipiga Kiranjeranje, kwenye mikorosho ya baba. Nyumba moja ya wageni kule Kilwa Masoko ilitaka picha za mandhari za kutundika vyumbani, nami sikuwa na mandhari niijuayo kuliko ya nyumbani. Baba alisimama mbali, pembeni kabisa, jembe begani. Kabla sijabonyeza, ndege ikapita juu sana, hata mlio hatukuusikia, ikaacha mstari mweupe angani. Baba akainua uso.

"Waliomo wanatuona?" akauliza.

"Hawatuoni, baba. Wako juu mno."

Akaendelea kutazama. Nikapiga.

Mwenye nyumba ya wageni aliipenda picha, ila mstari hakuutaka. "Wageni wangu wanataka anga safi," akasema. Nikaufuta kwenye kompyuta, kazi ya dakika chache, nikahifadhi juu ya ile ya asili. Kadi ya kamera nayo nikaifuta, kwa kuwa Jumamosi nilikuwa na harusi ya kupiga picha.

Masika yaliyofuata baba akaugua, na hakuinuka tena. Picha yake nyingine ya karibuni hatukuwa nayo. Nikaichapisha ile kwa ukubwa, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni kabla ya arobaini.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeanza. Alikaa mkekani akaitazama muda mrefu.

"Kaka anaangalia nini pale?"

"Ndege, shangazi."

"Mbona haipo?"

Nikamweleza. Alisogea, akakaa akiipa picha mgongo. Tangu hapo, kila aliyekuja kutupa pole alimtazama baba, kisha akafuata macho yake hadi juu, kwenye anga tupu, na mazungumzo yakakatika.

Nikajaribu kuurudisha mstari. Niliuchora mara tatu, mara nne, kila mara ukakaa kama mkwaruzo. Sikukumbuka ulitokea upande gani wala uliishia wapi.

"Si ulikuwepo?" mama akauliza.

"Nilikuwa natazama kamera, mama."

Asubuhi moja nikakuta ukuta mtupu. Mama alikuwa ameiteremsha picha, akaifunga kwenye kanga na kuisukuma chini ya kitanda cha baba.

"Kila nikipita ananitazamisha juu," alisema. "Nimechoka."

Nikienda nyumbani, hicho ndicho kitanda ninachopewa. Sijamwomba mama kingine, na usingizi siupati.